Mezuza Iliyokataliwa Gerezani

Ndugu zangu, mmezoea nikija hapa nawaletea mfano wa mkulima na jembe lake, au wa mama na kuku wake wa kutamia. Leo nawaletea Myahudi. Naona wengine mawazo yenu yameshapanda ndege, yako mbali huko. Yarudisheni. Myahudi wangu ni wa huku huku kwetu, mweusi kama mimi, analima viazi na kukamua ng'ombe, na siku ya Ijumaa jua likikaribia kuzama anaweka jembe chini hata kama amebakiza tuta moja. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msije mkanisumbua kutaka majina. Lakini kazi yangu ni ya kuingia na kutoka magerezani, na mfano wa mtu kama mimi hautoki hewani.

Basi, palikuwa na sajini mmoja mstaafu. Jeshini alikuwa fundi, mtu wa nyundo na misumari, na alipostaafu alirudi nazo nyumbani. Mke wake alipenda kumtania, "Huyu bwana hata akimkuta mtu analia, hutafuta msumari." Alikuwa mtu mwema sana. Ila wema wake ulikaa mikononi, haukufika masikioni. Mnawajua watu wa namna hiyo? Nasikia mnacheka, na kila mmoja anamtazama jirani yake.

Kwao, juu ya mlima wenye baridi, Wayahudi walikuwa nyumba thelathini tu, na sinagogi lao lilikuwa la mabati. Sajini alipokuwa kijana alipelekwa kambi ya jangwani, Myahudi peke yake kati ya askari mia nne. Wakristo walikuwa na kasisi wao, Waislamu walikuwa na imamu wao. Yeye alikuwa na nani? Alikuwa na rafiki mmoja Mwislamu: huyu alimshikia zamu Jumamosi, naye akamshikia mwenzake zamu Ijumaa adhuhuri. Na alikuwa na barua. Kila mwezi mama mmoja wa sinagogi lao, muuza maziwa, alimwandikia ukurasa mmoja. Mnadhani alimwandikia maneno mazito ya dini? Wapi! Alimwambia ng'ombe wa fulani amezaa pacha. Alimwambia upepo umeng'oa bati la sinagogi. Alimwambia, "Kitanda chako mama yako amemwazima mgeni, lakini amesema ni kuazima tu." Sajini alizisoma barua hizo mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Akaapa kwamba akitoka jeshini salama, hatakubali Myahudi mwenzake akae peke yake nyuma ya geti, liwe geti la kambi au la gereza.

Na Mungu humkumbusha mtu kiapo chake. Mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka mlimani palikuwa na gereza, na ndani ya gereza palikuwa na Myahudi mmoja. Alifungwa maisha. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aligombana na jirani juu ya ng'ombe aliyeingia shambani, akampiga kwa mpini wa jembe, na jirani hakuiona kesho. Na huyo jirani alikuwa wa sinagogi lile lile. Alikuwa ameoa mwaka huo huo. Mnaona ugumu wake? Kijiji cha nyumba thelathini, nyumba moja ina kaburi, nyingine ina mfungwa. Ukienda kumtazama huyu, utapitaje mlangoni kwa yule? Watu wakaona afadhali wasiende. Miaka kumi na miwili hakwenda mtu.

Sajini ndiye aliyekwenda. Kila mwezi, kwa miaka sita. Askari wa getini walimwita Mzee Kofia, kwa sababu ya kile kikofia kidogo alichovaa utosini. Alimpelekea mwenzake kitabu cha sala, akampelekea kalenda ya sikukuu zao, na kila mwaka wakati wa Pasaka yao alimpelekea mkate usiotiwa hamira ambao mke wake aliuoka. Mwaka wa kwanza askari aliukagua mkate ule kwa shaka.

"Mzee Kofia, mbona chapati zako zimekauka hivi? Umeficha nini ndani?"

"Sikuficha kitu, afande. Vunja uone."

Askari akavunja, ukalia kama kigae. Akaonja kipande, akatafuna, akatafuna tena, akamtazama sajini kwa huruma.

"Poleni sana," akasema, akamfungulia geti.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa sita, yule mfungwa ambaye hakuwahi kuomba hata sindano alimwambia sajini, "Mzee, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Naomba mezuza. Niiweke kwenye mlango wa seli yangu."

Wasioijua, niwaeleze. Mezuza ni kijisanduku chembamba, hakizidi kidole, na ndani yake mna kipande cha ngozi kilichoandikwa maneno ya Mungu kwa mkono. Myahudi hukipigilia kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yake, mkono wa kulia wa anayeingia. Akiingia hukigusa, akitoka hukigusa. Mlango wenye mezuza unasema: hapa wanakaa watu wa Mungu.

Ombi lile lilimwingia sajini mpaka kwenye mifupa. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anapenga kamasi. Alisema moyoni, kumbe miaka sita sikuipoteza! Mtu wa kifungo cha maisha anataka jina la Mungu mlangoni pake! Nani kati yetu angesikia ombi hilo asishangilie? Mimi ningelihubiri Jumapili tatu mfululizo.

Akaingia kazini. Alichonga kijisanduku cha mwerezi, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sabuni iliyotumika. Ngozi yenyewe aliipata kwa shida kupitia mgeni aliyetoka ng'ambo. Mkuu wa gereza alikataa mambo ya msumari, wakabishana wiki kadhaa, mwishowe wakakubaliana kwamba kitabandikwa kwa gundi. Miezi mitatu sajini alikimbia huku na huko kwa ajili ya kijisanduku kile, na sijui kama aliwahi kuwa na furaha namna hiyo tangu avue magwanda.

Siku moja katika kukimbia kwake, afisa ustawi wa gereza alimsimamisha koridoni.

"Mzee, mtu wako ananitia wasiwasi. Kuna kamati inapitia vifungo vya watu wa zamani, ione nani aachiliwe. Wenzake kumi wamejaza fomu. Yeye amenirudishia yake tupu."

"Nitazungumza naye," sajini akasema. Na alikusudia kweli. Lakini mkononi alikuwa na barua ya ruhusa ya gundi, akawa anawahi kuipeleka ofisini kabla hawajafunga, na lile neno la fomu likamtoka kichwani.

Kilibaki kitu kimoja tu. Alitaka ajue vizuri baraka inayosomwa wakati wa kuweka mezuza, asije akaikosea. Akaenda kwa rabi wao, mwalimu wao wa sheria, mtu mpole aliyefuga nyuki nyuma ya nyumba. Alimkuta anasafisha mizinga. Akakiweka kile kijisanduku juu ya mzinga kama mtu anayemwonyesha rafiki mjukuu wake wa kwanza.

Rabi alikitazama, akakisifu. Kisha akauliza, "Ni cha mlango gani?"

"Wa seli ya mtu wetu."

 Rabi akavua glavu zake, akasema polepole, "Ndugu yangu, mlango wa gereza hauwekwi mezuza."

"Kwa nini? Ina maana Mungu haingii gerezani?"

"Mungu anaingia. Mezuza ndiyo haiingii. Sheria inaitaka kwenye makao ya mtu. Mtu aliyefungiwa na wenzake hakai pale, amewekwa."

"Miaka kumi na minane, Rabi! Amekaa pale kuliko mimi nilivyokaa nyumbani kwangu!"

"Hata ingekuwa hamsini. Wazee wetu hawakuuliza amekuwepo miaka mingapi. Waliuliza kama ni kwake."

Sajini alipandwa na hasira. "Na mimi nikamwambie nini? Niende mikono mitupu?"

"Nenda mikono mitupu," rabi akajibu. "Mwambie kama nilivyokwambia."

Ndugu zangu, mtu wa nyundo kwenda mikono mitupu ni adhabu. Saa tatu zile ndani ya basi zilikuwa ndefu kwake. Aliwalaumu wazee wa sheria waliokufa zamani, akamlaumu rabi na nyuki wake. Aliona amepewa kazi ya kumnyang'anya maskini kitu kimoja alichowahi kuomba.

Mfungwa aliletwa kwenye chumba cha wageni, akaketi ng'ambo ya meza. Alimtazama sajini mikononi. Hakuona kitu.

"Mkuu wa gereza amekataa?"

"Mkuu amekubali. Ni sheria yetu wenyewe iliyokataa."

Uso wa yule mtu ulisinyaa. "Kwa hiyo hata Mungu ameukataa mlango wangu."

Sajini alitaka kusema pole na kunyamaza, maana hakujua la zaidi. Lakini alikuwa askari, na askari hufikisha ujumbe kama alivyopewa.

"Hapana," akasema. "Mungu amekataa kuuita wako. Rabi anasema mtu hawekewi mezuza mahali alipofungiwa. Hata miaka hamsini. Wewe hapa hukai, umewekwa tu. Hapa si kwako."

Mfungwa aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Askari wa zamu akageukia dirisha, akawa kama anahesabu njiwa juu ya paa. Baadaye yule mtu akafuta uso kwa kiganja, akasema.

"Mzee, nikwambie kweli. Mimi niliiomba mezuza ili nimalize. Bado huwa ninauota mlima, na nikiamka siku nzima inaharibika. Nikasema, nikishaiweka hapa mlangoni, basi. Hapa ndipo kwangu mpaka nife, nami nitaacha kuota."

Mnasikia hayo? Sajini alikuwa amedhani ni imani. Kumbe ilikuwa ni mtu anayekata tamaa kwa heshima, kwa adabu zote za dini yake. Miezi mitatu mzee wa watu amechonga, amepiga msasa, kumbe anachonga sanduku la kumzikia mtu aliye hai! Sheria aliyoilaani njia nzima ndiyo iliyomshika mkono. Nao waliosema neno lile hawakumwona kijana huyu wala gereza hili. Walijua tu kwamba siku moja mfungwa mmoja atachoka, atataka kulifanya gereza kuwa nyumba, na mtu mwema atamletea gundi.

Sajini aliona haya. Ndipo afisa ustawi alipomrudia kichwani.

"Na ile fomu? Mbona uliirudisha tupu?"

"Ina mstari wa mwisho, mzee. Unauliza jina la mtu atakayenipokea." Akanyanyua macho. "Baba na mama wamekwisha kufa. Dada yangu yuko mbali na mumewe hataki kusikia jina langu. Unasema hapa si kwangu. Sawa. Kwangu ni wapi?"

 Miaka sita sajini alimletea mkate, kitabu na kalenda. Kwa kuogopa kumtonesha, hakuwahi kumwambia habari hata moja ya mlimani, yeye ambaye jangwani aliponea habari za ng'ombe na mabati. Dakika zilizobaki akamwambia zote alizozikumbuka. Pale kijitoni sasa kuna daraja la zege. Sinagogi limepata bati jipya, nalo linavuja vile vile. Yule mfungwa alisikiliza akiwa amefumba macho. Lakini swali lake lilikuwa bado liko mezani walipoagana.

Sabato iliyofuata, baada ya sala, sajini alisimama mbele ya watu wake. Akawaeleza habari ya kamati, akawaeleza mstari wa mwisho. Akauliza, "Nani atampokea?"

Watu hao hawakuwa wabaya. Wao ndio waliotoa unga wa ile mikate. Kina mama walishona kitambaa cha kufunikia mkate wa Sabato, wakampelekea. Kila alichohitaji mfungwa akiwa mfungwa, walikitoa. Sasa kila mtu akawa anatazama viatu vyake. Yeye mwenyewe sajini, nisimsingizie, alikuwa anangoja mwingine ajitokeze.

Kisha mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akainuka, akatoka nje. Alikuwa mjane wa yule aliyeuawa.

Sajini akamfuata. Alimkuta amesimama uani, ameshika waya wa seng'enge.

"Mama, nisamehe. Sikukusudia kukuchoma."

"Umenichoma." Kisha akauliza, "Nyumba yako si iko ng'ambo ya kijito?"

"Iko ng'ambo."

"Basi akae huko. Mwaka wa kwanza asipite njia ya kwangu." Akageuka, akamtazama usoni. "Na usiende ukasema nimemsamehe. Sijamsamehe."

"Sitasema, mama."

"Lakini sikuwahi kumwomba Mungu mtu akose kwao," akasema, akaenda zake.

Mjane alikuwa ameshataja nyumba, mwenye nyumba hajaitaja! Sajini alirudi kwake akiwa mdogo kama punje ya mtama. Mke wake alikuwa amefika kabla yake, amesimama mlangoni mwa chumba cha mwisho.

"Humu mna magunia ya viazi," akasema. "Nayatazama, najiuliza nani atayatoa."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na mzee alilielewa. Alitaka aandike jina lake saa ile ile. Lakini ilikuwa Sabato, na wao siku ya Sabato hawaandiki. Akangoja. Asubuhi ya Jumapili alipanda basi la kwanza, na pale mezani, mbele ya afisa ustawi na mbele ya yule mtu, akaandika jina lake kwenye mstari wa mwisho. Kwa herufi kubwa, kama anayeandika kwenye kreti la jeshi.

Mtaniuliza, je, alitoka? Sijui. Kamati ya mfano wangu bado haijakaa. Mnataka niwaongopee?

Tugeuke sasa kwetu sisi. Nimeziona katoni za sabuni hapa mbele, nimeiona sukari, nimeziona zile blanketi. Mungu awabariki, kwa kweli, maana gerezani kuna baridi na watu huko wananuka upweke. Nitazifikisha kesho, nao watawaombea. Lakini tusijidanganye, wapendwa. Sabuni inamwambia mfungwa, kaa vizuri huko ulipo. Na sisi wengi wetu hatutaki zaidi ya hapo. Tunataka akae vizuri huko huko. Mara ngapi tumesema juu ya mtoto wa fulani, "Huyo jela ndiko kwao"? Tumesema hata mbele ya mama yake. Wayahudi wa mfano wangu wana sheria inayomkataza mtu kusema hivyo kwa kijisanduku cha kidole kimoja, nasi tunasema kwa midomo hii tunayopokelea ushirika.

Ninazo fomu nne hapa ndani ya Biblia yangu. Hizi si za mfano. Wote wanne walibatizwa katika kanisa hili, na mmoja wenu ndiye aliyewashika mkono wakaingia majini. Wamejaza kila kitu, wengine kwa mwandiko wa kuhangaika. Mstari wa mwisho uko wazi kwenye zote nne.

Sisi hatuna sheria ya kutoandika leo. Kalamu ninayo. Sitafunga kwa wimbo, na kwaya mnisamehe. Naanza na huyu wa kwanza: alikuwa anapiga ngoma pale pale mlipokaa, kina dada, na aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na tisa. Ana miaka thelathini na moja. Nimemuuliza kwao ni wapi, akanitajia kanisa hili.

Nani atampokea?